Umbali Rasmi wa Kibogela na Nsungwe

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu viongozi wake hununa upesi. Katika nchi hiyo kuna mto uitwao Mfuma, na kando ya mto huo kuna miji miwili, Kibogela ng'ambo hii na Nsungwe ng'ambo ile. Mtu akikaanga samaki Kibogela, paka wa Nsungwe huamka. Kila mji una uwanja wake wa ndege, wenye jengo la vioo, bendera, na picha ya Mheshimiwa Rais akitazama mbali. Msafiri aliyeketi katika ukumbi wa Kibogela humwona vizuri msafiri aliyeketi katika ukumbi wa Nsungwe, na wakiwa wanafahamiana hupungiana mikono.

Wageni wenye dharau huuliza ilikuwaje viwanja viwili vikajengwa pua kwa pua. Jibu ni rahisi. Mawaziri wawili waliozaliwa kando ya mto huo, mmoja huku na mwingine kule, walitaka kila mmoja ashukie nyumbani kwao anapokwenda kumsalimia mama yake. Sheria ilikataza viwanja viwili kukaribiana chini ya kilomita mia tatu, kwa kuwa hiyo ni nchi kubwa na haipendi kubanana. Kubadilisha sheria kungelazimu Bunge liamshwe. Kwa hiyo serikali ikaunda Tume ya Umbali.

Tume ilikaa Kibogela msimu mzima wa maembe. Wataalamu wake walikula, wakapima, wakala tena, mwishowe wakagundua jambo lililokuwa wazi tangu uhuru: katika nchi hiyo hakuna kitu kinachotoka mahali kikafika mahali pengine bila kupitia Makao Makuu. Kibali cha kuchinja ng'ombe hupitia Makao Makuu. Mitihani ya watoto hupitia Makao Makuu. Embe la Kibogela likitakiwa Nsungwe hupelekwa kwanza Makao Makuu, huozea huko, na watu wa Nsungwe hupokea taarifa yake. Basi, ikasema Tume, umbali wa haki kati ya Kibogela na Nsungwe ni ule wa kwenda Makao Makuu na kurudi kwa upande wa pili, yaani kilomita mia tatu na arobaini, na ndege inapaswa kuumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu, pamoja na chai. Waziri mmoja alilia kwa furaha mbele ya waandishi wa habari.

Ndege yenyewe haikwenda Makao Makuu. Uwanja wa huko ulikuwa umefungwa kwa maandalizi ya kumpokea mgeni mashuhuri ambaye jina lake lilikuwa halijaamuliwa. Kwa hiyo ilipaa Kibogela, ikazunguka juu ya mto mpaka saa moja na nusu ikatimia, ndipo ikashuka Nsungwe kwa heshima zote. Kivuko kilipigwa marufuku kwa sababu kilikuwa kinafika haraka mno na kuwavunja moyo wataalamu wa anga. Mitumbwi nayo ikapigwa marufuku, na mamba wakarudi kwa wingi. Rubani aliyeshuka kabla ya muda huo alishtakiwa kwa kosa la kuifupisha nchi, ambalo kwa uzito linaufuata uhaini. Rubani wa kwanza aliwahi kwa sababu ya tumbo la kuendesha. Sasa anafundisha jiografia gerezani, na inasemekana wanafunzi wake wanampenda sana.

*

Bi Nyamizi wa Kibogela hakuwa na habari na umbali. Alikuwa mjane, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwenye mabega ya kusonga ugali wa watoto mia nne na mdomo ambao walimu wakuu walipishana nao kwa adabu. Ndugu yake pekee aliyebaki alikuwa dada yake Kalunde, aliyeolewa Nsungwe. Tangu kivuko kifungwe, kila asubuhi dada hao walisimama kila mmoja kwenye ukingo wake wakapiga soga kwa sauti kubwa juu ya vichwa vya mamba. Maongezi hayo hayakupitia Makao Makuu. Serikali ilijua, lakini ilikuwa haijapata namna ya kuyazungusha.

Kalunde aliugua tangu mvua za masika. Alipokuwa bado ana sauti alikuwa akisimama pale ukingoni ameshika fimbo, akiita, "Nyamizi! Usije ukaniacha nikatupiwa udongo na mtu wa njiani!"

"Huna haya!" Bi Nyamizi alijibu. "Asubuhi yote hii unanitajia udongo, mimi nina njaa!"

Lakini alimwelewa. Watu wa Mfuma humzika mtu siku ile ile, kabla jua halijazama, na konzi la kwanza la udongo hutupwa na mdogo wa marehemu. Mdogo mtu asipokuwepo, huchukuliwa mpita njia yeyote, akatupa yeye. Kuzikwa hivyo ni kuzikwa kama mtu asiye na kwao. Kalunde, ambaye maishani hakuogopa mume, mamba wala diwani, aliogopa hilo tu.

Siku moja sauti ya Kalunde haikusikika. Badala yake kikaja kilio. Bi Nyamizi alikuwa anasonga ugali. Akauachia mwiko pale pale, akaweka mikono kichwani. Hiyo nayo ni mila ya pande zote mbili za mto: ukisikia kilio cha msiba, kazi uliyoishika unaiacha na mikono inakwenda kichwani, hata iwe kazi gani. Mchinjaji humwacha ng'ombe. Kinyozi humwacha mteja na nusu ya nywele zake. Huigusi tena kazi hiyo mpaka mfiwa asindikizwe hadi penye maiti. Mila hii ni ya zamani kuliko serikali, na kwa sababu hiyo serikali huiita utamaduni na kuionyesha kwa watalii.

Ugali ukaungua. Bi Nyamizi akajifunga kanga mbili, akaenda uwanja wa ndege.

*

"Shikamoo, mama," akasema karani wa tiketi, kijana nadhifu mwenye tai fupi.

"Marahaba, mwanangu. Nipe nafasi ya kwenda Nsungwe. Nimefiwa na dada yangu."

"Pole sana, mama. Amefia wapi?"

"Pale." Bi Nyamizi akanyoosha kidole kupitia kioo. Ng'ambo ya mto turubai la buluu lilikuwa linafungwa uani kwa Kalunde, na kijana mmoja mrefu alikuwa juu ya ngazi akivuta kamba. Alikuwa Maganga, mtoto wa marehemu. Alipomwona mama yake mdogo dirishani aliacha kamba, akampungia.

Karani hakutazama. "Mama, hayo unayoyaonyesha ni mandhari. Nsungwe iko kilomita mia tatu na arobaini. Na samahani, umejuaje kwamba amefariki? Taarifa za vifo vya Nsungwe hutufikia baada ya kupitia Makao Makuu, na za wiki hii bado. Kwa leo dada yako ni mgonjwa tu."

"Nimesikia kilio."

"Kilio hakina mhuri, mama."

"Sawa. Nawe ukifa, mwanangu, nitakwenda kumkataza mama yako asilie mpaka mhuri upatikane."

Karani akampa nafasi, tena ya dirishani.

Ndege ilikuwa moja kwa siku, ya alasiri. Bi Nyamizi akaketi ukumbini kutwa nzima, akatazama mandhari. Aliwaona wanawake wa Nsungwe wakichota maji ya kumwoshea dada yake. Aliwaona wanaume wakipita na majembe. Alitaka kuwaambia Kalunde hapendi maji ya baridi, na hakuwa na wa kumwambia.

Alasiri ilipofika, ndege haikuondoka, kwa sababu ilikuwa haijaagwa. Katika nchi hiyo ndege haipai bila hotuba, na siku hiyo wa kuiaga alikuwa Ofisa Tarafa, mtu aliyesubiri zamu yake kwa miaka mingi. "Ndugu wasafiri," alisema, akifungua karatasi ya kwanza kati ya kumi na kitu, "mababu zetu walitembea kwa miguu. Na kwa nini walitembea kwa miguu? Kwa sababu hawakuwa na ndege. Na kwa nini hawakuwa na ndege?" Akaendelea kuuliza na kujijibu mpaka jua likaanza kushuka upande wa vilima.

*

Walipopaa, mhudumu wa ndege aitwaye Yusta alisimama katikati na kutabasamu kama alivyofundishwa.

"Mabibi na mabwana, karibuni katika safari yetu ndefu. Leo tutapita juu ya misitu, mbuga na vilele vya taifa letu tukufu. Tukikaribia nyanda za juu, tafadhalini vaeni masweta."

Abiria, waliokuwa wazoefu, wakatoa masweta yao. Bwana mmoja mnene aliyeketi jirani na Bi Nyamizi, mfanyabiashara wa vitunguu, akavaa lake la sufu akaanza kuchuruzika jasho. Bi Nyamizi akabana paji la uso kwenye kioo. Chini alikuwa anaiona Nsungwe yote, uwanja wa ndege, makaburi yaliyopakana na njia ya kurukia, na turubai la buluu.

Ndege ikapinda. Nsungwe ikatoweka, ikaja Kibogela, ikaonekana hata sufuria yake ya ugali mlangoni. Ikapinda tena. Turubai likarudi, na watu wakawa wengi zaidi chini yake.

"Kushoto kwenu," Yusta akatangaza, "ni Makao Makuu."

Abiria wote wakaegemea kushoto, wakapiga makofi, kama ilivyo lazima. Chini kulikuwa na mbuzi watatu. Mbuzi hao walikuwa wamepigiwa makofi siku nyingi kiasi kwamba walikuwa wameanza kujisikia, na mmoja alinyanyua kichwa akakishusha taratibu.

Bi Nyamizi akafungua mkanda, akaenda mbele, akalivuta pazia la rubani. Rubani Malongo alikuwa mtoto wa Kibogela. Alikuwa amekula ugali wake shuleni miaka yote minne, na alipomwona akasahau cheo chake akajaribu kusimama.

"Kaa chini wewe, utatuangusha," akasema Bi Nyamizi. "Unaliona lile turubai?"

"Naliona, mama. Pole kwa msiba."

"Basi nishushe."

"Mama, bado tuko juu ya Makao Makuu."

"Malongo! Mimi nimekulisha."

"Ni kweli, mama, na ulikuwa unaniongezea maharage, sijasahau. Lakini nikishuka sasa hivi nitakuwa nimeifupisha nchi. Nina mke na watoto. Mwenzangu aliwahi kwa sababu ya tumbo tu, na hata cheti cha daktari hakikumwokoa."

Bi Nyamizi alitazama uso wa yule kijana, akauona umelowa hofu, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Ungemgombeza nani? Akarudi kwenye kiti chake. Ndege ikapinda mara nyingine. Safari hii uani kwa Kalunde watu walikuwa wamesimama, na jeneza lilikuwa linatoka.

Lilikuwa dogo. Kutoka juu huko lilionekana kama kisanduku cha kuwekea vijiko, na Bi Nyamizi alijua kwamba ndani yake kuna yule aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kusuka nywele na kusema uongo, ambaye juzijuzi tu alikuwa anamwitia mtoni. Hakupanga lolote. Kilio kilimtoka chenyewe, kile cha watu wa Mfuma, kinachoanzia tumboni na hakimwombi mtu ruhusa.

Bwana wa vitunguu akaweka mikono kichwani. Nyuma yake, kiti baada ya kiti, masweta yote yakanyanyua mikono. Yusta alikuwa amebeba sinia la chai. Akaliachia, mikono ikaenda kichwani, chai ikaenda kwa abiria. Na kule mbele, kupitia pazia lililoachwa wazi, Rubani Malongo, mtoto mwenye malezi mema, akauachia usukani, akaweka mikono yake yote miwili kichwani.

Ndege ikainamisha pua.

Katika watu wote mle ndani, aliyenyamaza kwanza ni mfiwa. "Wewe Malongo! Shika huo usukani!"

"Siwezi, mama!" Rubani alikuwa analia kweli kweli. "Kuna msiba!"

"Msiba ni wangu, mimi nakuruhusu!"

"Mila haikuruhusu kuruhusu! Kazi haishikwi mpaka mfiwa asindikizwe penye maiti!"

Mto ulikuwa unakuja kwa kasi, na mamba walianza kuonekana mmoja mmoja. Maisha yake yote Bi Nyamizi alikuwa amewapikia watu wagumu wa kuelewa, na akili yake haikumwangusha.

"Kumsindikiza mfiwa ni kazi?" akapiga kelele.

Malongo akafikiri kidogo. "Si kazi, mama. Huo ndio msiba wenyewe."

"Basi nisindikize!"

Malongo akaushika usukani, pua ikanyanyuka, na matumbo ya abiria yakarudi mahali pake. "Ndugu abiria," sauti yake ikasikika kwenye spika, ikiwa bado na kamasi, "safari ya Shirika la Ndege imeahirishwa. Kuanzia sasa hapa hatusafiri. Tunamsindikiza Bi Nyamizi."

Akapeleka ndege moja kwa moja Nsungwe. Jua lilikuwa bado lipo, limeegemea vilima.

*

Meneja wa uwanja wa Nsungwe aliitwa Bwana Kwigema. Alikuwa anakunywa soda ofisini wakati ndege iliposimama mbele ya dirisha lake, karibu saa nzima kabla ya kuwapo. Soda ikampalia. Kwaya ya mapokezi ilikuwa bado haijavaa sare, zulia lilikuwa limeanikwa, na huko Makao Makuu taarifa za wakati huo zilionyesha ndege iko angani, futi elfu kumi na saba, hali ya hewa nzuri.

Akachukua kipaza sauti akakimbia nje. "Wasipeleke ngazi!" akaamuru. "Mlango usifunguliwe! Wananchi, ndege mnayodhani mnaiona haipo hapa! Iko juu ya Makao Makuu!" Kisha, ili awe mfano mwema, akaigeuzia mgongo.

Sasa, barabara ya makaburini hapo Nsungwe inapita kando ya njia ya kurukia ndege, kwa sababu uwanja ulipojengwa ulimega nusu ya makaburi. Msafara wa mazishi ulikuwa umefika hapo hapo. Maganga, akiwa amebeba jeneza la mama yake pamoja na wenzake, akanyanyua macho, akaona kanga ya mama yake mdogo kwenye kioo. Akasema neno kwa wenzake. Msafara ukaiacha barabara, ukaingia uwanjani.

Bwana Kwigema akawakimbilia. "Simameni! Sheria hairuhusu mtu kuisogelea ndege!"

"Ndege ipi, Bwana Meneja?" akauliza Maganga.

"Hii iliyo..." Bwana Kwigema akajishika. Akakohoa. "Hakuna ndege hapa."

"Ndivyo tulivyosikia kwenye kipaza sauti. Basi, kama hakuna ndege, sisi tunapita uwanjani tu. Tutapita kwa adabu, hatutagusa nyasi."

Meneja akatafuta kifungu cha sheria kinachokataza watu kusogelea mahali ambapo ndege haipo. Hakikuwepo. Nchi hiyo ina vifungu vingi mno, lakini hicho walikisahau.

Ndani ya ndege Yusta aliuona msafara ukija. Alikuwa binti mwenye kazi nzuri, na kazi nzuri ni adimu katika nchi hiyo. Akautazama mlango, akamtazama Bi Nyamizi, akaufungua. "Mabibi na mabwana," akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, "abiria wetu mmoja anatuacha hapa angani. Tunamtakia safari njema."

Ngazi haikuwepo. Wanaume wanne wakainama, na Bi Nyamizi, kwa uzito wake wote, akashukia migongoni mwao kutoka futi elfu kumi na saba.

Alipofika chini alikaza kanga zake. Aliuweka mkono kwenye jeneza, akatembea nalo hivyo, bega kwa bega na Maganga, mpaka kwenye shimo. Likashushwa. Watu wote wakamtazama yeye. Udongo wa Nsungwe ni mwekundu na mzito. Akafumba konzi.

"Haya, dada," akasema. "Nimekuja. Sijakuachia mtu wa njiani." Akatupa.

Ulipoanza ule mlio wa udongo juu ya mbao, wanawake wakapaza kilio. Bwana Kwigema alikuwa amewafuata ili kuwaeleza tena kwamba huyo mama bado yuko safarini. Kipaza sauti kikamponyoka kikaanguka kwenye nyasi, mikono yake ikaenda kichwani, na akalia vizuri tu, kama mtu wa Mfuma anavyotakiwa kulia. Baadaye aliandika kwamba lilikuwa vumbi. Jua likazama wakati wanaume wanasawazisha tuta.

*

Muda rasmi ulipotimia kwaya ikaimba, zulia likatandikwa, ngazi ikaletwa, na abiria, ambao walikuwa wamekaa humo na mikanda yao wakisubiri kufika, wakashuka wakipongezwa kwa safari ndefu. Walipohesabiwa, alipungua mmoja.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Sheria ya nchi hiyo inasema safari ya ndege haijaisha mpaka abiria wa mwisho ameshuka kwa ngazi. Bi Nyamizi hakushuka kwa ngazi. Kuandika kwamba alianguka haikuwezekana, kwa kuwa anayeanguka kutoka kimo hicho sharti awe maiti, na maiti mwenyewe alikuwa matangani anawagombeza wapishi kuhusu chumvi. Kuandika kwamba alishuka uwanjani ilikuwa ni kukiri kwamba ndege iliwahi. Kwa hiyo Bwana Kwigema akaandika jambo pekee lililobaki: ndege bado iko angani.

Na kwa kuwa bado iko angani, haikuweza kupaa tena. Ikakaa Nsungwe, kuku wakahamia chini ya bawa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Makao Makuu yakapokea taarifa kwa mshangao, kisha kwa fahari. Redio ikatangaza kwamba taifa limevunja rekodi ya dunia ya kukaa angani. Rubani Malongo, ambaye tangu siku ile alikuwa kwa shemeji yake Nsungwe akilala mchana kutwa, akaitwa kwa siri na kuvishwa nishani ya ustahimilivu, akaombwa asionekane barabarani. Yusta akapandishwa cheo akiwa angani. Mheshimiwa Rais akahutubia, akasema mataifa makubwa sasa yanatuonea wivu.

Lakini Shirika halikuwa na ndege nyingine, na mawaziri wawili wa Mfuma walikuwa wamekwama, hawawezi kwenda kuwasalimu mama zao, na mama zao walikuwa wanapiga simu kila siku. Ndipo Waziri wa Anga na Umbali, Mheshimiwa Tindwa, mmoja wa hao wawili, akaamua kwenda mwenyewe. Alifika Nsungwe kwa barabara, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake walikuja watu wanne wamebeba kiti kilichong'olewa ndani ya ndege, kile cha dirishani, pamoja na mkanda wake, na wa tano amebeba ngazi.

Bi Nyamizi alikuwa uani kwa marehemu, anatwanga kisamvu. Maganga alikuwa anatengeneza upya kibanda cha kuku. Kiti kikawekwa katikati ya ua, na ngazi ikaegemezwa pembeni yake.

"Shikamoo, mama," akasema Waziri.

"Marahaba, Mheshimiwa. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, ananuna tu. Mama, nimekuja na ombi la serikali. Kaa kwenye kiti hiki. Funga mkanda. Halafu fungua, ukanyage ngazi, ushuke. Ni hivyo tu. Umeshafika, na sisi wote tunapumua."

"Nisipokaa?"

"Ningekukamata, mama, nisikufiche. Lakini wanasheria wameniambia haiwezekani. Mahakama yetu haina mamlaka angani." Waziri alijifuta uso. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi alikuwa anazungumza kwa sentensi fupi. "Ukikaa, ndege itaruka kesho. Utarudi kwako Kibogela. Tutakupa cheo. Tumefikiria Mama wa Anga."

Bi Nyamizi akaweka mchi chini. Alipakumbuka kwake. Kila jioni alikuwa anakwenda mtoni kupatazama, mlango wake na mpapai wake, na hakuwa na mtu ng'ambo ile wa kumpigia kelele. Akakisogelea kiti, akakipapasa kitambaa, akaushika mkanda. Waziri akaacha kupumua.

"Nikikaa hapa, Mheshimiwa, nitaandikwa nimefika lini?"

"Siku ile ile, mama. Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

"Jua likiwa lipo?"

Waziri akajifuta uso tena. "Kwa mujibu wa ratiba," akasema, "ndege iliwasili jua lilipokwisha kuzama."

"Na dada yangu alizikwa kabla halijazama."

"Naam."

"Kwa hiyo itakuwa sikuwepo."

"Kwenye kumbukumbu za taifa tu, mama."

"Halafu udongo utaandikwa ulitupwa na nani?"

Waziri akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama ngazi.

"Mpita njia," akasema Waziri kwa sauti ndogo. "Lazima aandikwe mtu."

Bi Nyamizi akauachia mkanda. Hakupaza sauti. Wale walimu wakuu wa zamani wangejua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

"Chukueni kiti chenu," akasema. "Mimi nimeshafika zamani." Akarudi kwenye kinu, akaushika mchi, akaendelea kutwanga.